Ukitundika Daluga, Ukocha Uanzie Wapi? Ryans, Mayo, Saturday na Sanders Wakiwekwa Pamoja

Mpwa wangu amemaliza msimu wake wa mwisho wa futiboli ya Kimarekani ya chuo hapa Texas. Goti limepasuliwa mara mbili, na NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, haikumwita. Usiku mmoja alinikuta jikoni napasha maharage, akavuta kiti akakaa.

"Mjomba, nataka ukocha. Nina milango miwili. Kuna chuo kinanitaka niwe kocha mwanafunzi, nisome shahada ya pili huku nikifanya kazi kwenye benchi la ufundi. Na kuna sekondari ya hapa jirani inanipa safu nzima ya ulinzi, mwaka huu huu. Niende wapi?"

Usiku ule sikumjibu. Nilichukua daftari nikaandika majina ya wachezaji wakubwa waliopita njia za namna hiyo kabla yake, nikamweka kila mmoja ubavuni mwa mwenzake. Niliyoyaona nayaandika hapa kwa ajili ya mzazi, mjomba au shangazi mwenye kijana wa aina hii nyumbani, na kwa kijana mwenyewe.

Wawili waliotoka mahali pamoja

Naanza na DeMeco Ryans na Jerod Mayo, kwa sababu ukiwatazama wakiwa wachezaji utadhani ni pacha. Wote wawili walikuwa lainibeka, yaani wale wanaosimama nyuma ya majitu ya mstari wa mbele wa ulinzi. Ryans alichaguliwa wa 33 na Houston Texans katika drafti ya 2006, yaani zamu ya kila mwaka ya timu kuchagua wachezaji wapya, na mwaka huo huo akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ulinzi, baada ya kuhesabiwa kushiriki kuwaangusha wapinzani mara 156. Mayo alichaguliwa wa 10 mwaka 2008 na New England Patriots, naye akaichukua tuzo hiyo hiyo mwaka huo. Wote wawili waliandamwa na majeraha. Wote wawili msimu wao wa mwisho dimbani ulikuwa wa 2015.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, nieleze kidogo kwa nini nafasi ya lainibeka inazaa makocha wengi. Tangu 2008, mchezaji mmoja wa ulinzi anaruhusiwa kuvaa helmeti yenye redio, na helmeti hiyo hubandikwa doa la kijani nyuma. Mara nyingi ni lainibeka wa kati. Sauti ya kocha inamwingia sikioni ikimwambia mpango wa mchezo unaofuata (mchezo hapa ni shambulizi moja tu, si mechi nzima), halafu saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15, redio inakatika. Hapo yuko peke yake. Anampiga mwenzake kofi la mgongoni asogee kushoto, anamwita beki wa nyuma apande, anamtazama kotabeki wa upande wa pili (mrushaji mpira anayeongoza ushambuliaji) macho na miguu, na kama mpinzani amejipanga tofauti na ilivyotarajiwa, anabadili mpango wote kwa sauti na vidole. Mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka minane au kumi amekwisha kuwa kocha nusu, ila hakuna aliyempa mshahara wa kocha.

Ryans alichanika kano ya kisigino Oktoba 2010. Alirudi, lakini mwaka uliofuata timu ilibadili mfumo wa ulinzi na nafasi yake ya kucheza ikapungua. Machi 2012 akauzwa Philadelphia Eagles. Tarehe 2 Novemba 2014 Eagles walikuja kucheza Houston, na katika uwanja ule ule aliokuwa nahodha, kano ya kisigino ikachanika tena. Februari 2016 Eagles wakamwacha. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Lililofuata ndilo ninalotaka mpwa wangu alisome mara mbili. Mwaka 2017 Ryans aliajiriwa San Francisco 49ers, lakini kwenye ngazi ya chini kabisa ya benchi la ufundi, ile ya kuchambua video za ulinzi. Hiyo ni kazi ya gizani. Unafika alfajiri. Unakata video za mpinzani vipande vipande: huyu akibakiwa na yadi saba katika jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, anajipangaje, anarusha upande gani? Unahesabu, unaandika. Kisha unachora kadi kwa mkono au kwa kompyuta, kila kadi na duara kumi na moja na mishale yake, ili wachezaji wa akiba wazishike mazoezini na kuiga mpinzani wa Jumapili ijayo. Kadi ukiikosea, timu nzima inafanya mazoezi ya kosa. Hakuna anayekuimba jina. Na msimu huo 49ers walipoteza mechi tisa za mwanzo mfululizo.

Mwaka 2018 akapandishwa kuwa kocha wa malainibeka wa ndani. Mwaka huo huo timu ikamchukua lainibeka kijana wa chuo cha BYU katika raundi ya tatu ya drafti, Fred Warner. Kufikia 2020 Warner alikuwa ametajwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Ukitaka kujua kama mtu ni kocha, tazama mchezaji aliyepita mikononi mwake amekuwaje, na hapa jibu liko wazi. Mwaka 2021 Ryans akakabidhiwa ulinzi wote. Mwaka 2022 ulinzi wa 49ers ulikuwa wa kwanza katika ligi kwa kuruhusu yadi chache na pointi chache, na yeye akapewa tuzo ya kocha msaidizi bora. Mwisho wa Januari 2023 Texans wakamrudisha nyumbani kama kocha mkuu, kwa mkataba wa miaka sita.

Sisi wa Houston tunajua alichokikuta. Makocha wawili waliomtangulia, kila mmoja kibarua chake kilikuwa kimeota nyasi baada ya msimu mmoja tu. Timu ilikuwa imetoka kushinda mechi tatu, kupoteza 13 na kutoka sare moja. Msimu wake wa kwanza ulikwisha kwa ushindi mechi 10 na kufungwa saba, ubingwa wa kanda, na ushindi wa 45 kwa 14 dhidi ya Cleveland Browns katika mtoano. Kotabeki wake mpya C.J. Stroud na mlinzi wake mpya Will Anderson Jr. walizoa tuzo zote mbili za wachezaji wapya bora. Nakumbuka jioni ile ya Januari: mtaani kwetu watu ambao hawajawahi kusalimiana walikuwa wanapigiana honi.

Sasa mweke Mayo pembeni yake. Aliichezea Patriots pekee, misimu minane, na mitatu ya mwisho yote ilikatishwa na majeraha: kifua, goti, bega. Alipostaafu alikaa kwanza nje ya mpira, akifanya kazi katika kampuni ya huduma za afya. Mwaka 2019 akarudi New England kama kocha wa malainibeka wa ndani. Alikuwa na akili ya mchezo, wachezaji walimsikiliza, na mmiliki wa timu alimpenda kiasi kwamba urithi wa kiti cha Bill Belichick, kocha mkuu wa miaka mingi wa Patriots, uliandikwa kabisa ndani ya mkataba wake. Januari 2024 Belichick akaondoka, Mayo akakabidhiwa mikoba.

Msimu ukaisha kwa ushindi mechi nne na vipigo 13. Siku ya mechi ya mwisho, ambayo alishinda, alitimuliwa.

Kwa haki ya Mayo, kikosi alichopewa kilikuwa kimechoka, hasa mstari wa mbele wa ushambuliaji, na mwaka mmoja ni kipimo kifupi mno kwa kocha yeyote. Ningekuwa mimi ningempa wa pili. Lakini tazama pengo lililopo kati ya hao wawili. Ryans alikuwa amekaa misimu miwili akiongoza ulinzi mzima wa timu nyingine, yeye ndiye aliyekuwa akisema kwenye ile redio, na ulinzi ulipoboronga lawama zilikuwa zake. Mayo hakuwahi kushika cheo hicho. Kule New England kazi ya kuita mipango ya ulinzi siku ya mechi ilikuwa ya Steve Belichick, mwana wa Bill. Mayo alifundishwa nyumba moja tu, na alipata ufunguo wa nyumba kabla ya kujaribu kuendesha hata chumba kimoja peke yake.

Aliyemrithi anatilia nguvu hoja hii. Mike Vrabel naye ni lainibeka wa zamani wa Patriots, mwenye pete tatu za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, tena alikuwa akiingizwa kwenye ushambuliaji na kila pasi aliyodaka katika msimu wa kawaida, zote kumi, ilikuwa ya tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani. Alipostaafu mwaka 2011 alikwenda chuo alichosoma, Ohio State, akafundisha huko miaka mitatu. Kisha Texans, miaka mitatu na malainibeka na mmoja akiongoza ulinzi. Ndipo Tennessee Titans wakampa ukocha mkuu mwaka 2018, na mwaka 2021 akawa kocha bora wa ligi. Titans walimtimua Januari 2024. Alipofika New England mwaka 2025, akiwa ameshapanda na kushuka, Patriots walishinda mechi 14 na kupoteza tatu. Walisajili sana mwaka huo, hilo ni kweli, lakini usajili peke yake haushindi mechi 14.

Jambo moja nisilifiche: hata ngazi hii ndefu haipandwi bila kujuana. Kyle Shanahan aliyemwajiri Ryans San Francisco alikuwa kocha Houston wakati Ryans anacheza. Luke Fickell aliyempa Vrabel kazi Ohio State alikuwa mwenzake chuoni. Mlango wa chini wanakufungulia watu waliokuona ukifanya kazi. Tofauti ni kwamba baada ya mlango wa chini, ngazi zinazofuata unapanda kwa miguu yako.

Aliyeruka ngazi zote

Jeff Saturday simtaji kwa kumdharau. Alikuwa senta wa Indianapolis Colts, anayempa Peyton Manning mpira mkononi, bingwa wa Super Bowl ya msimu wa 2006, mara sita katika mechi ya nyota. Alipostaafu alikuwa mchambuzi wa televisheni, na aliwahi kuwa kocha wa sekondari moja ya Georgia, Hebron Christian Academy. Novemba 2022 mmiliki wa Colts alimfukuza kocha katikati ya msimu na kumpigia simu Saturday achukue timu. Hakuwahi kufundisha chuoni wala NFL, hata siku moja.

Mechi ya kwanza alishinda, 25 kwa 20 dhidi ya Las Vegas Raiders, na nchi nzima ikaanza kujiuliza kama haya mambo ya ngazi ni ya lazima. Saba zilizofuata alifungwa zote. Moja kati ya hizo sitaisahau: tarehe 17 Desemba, Minnesota. Wakati wa mapumziko Colts walikuwa wanaongoza 33 kwa 0. Walipoteza 39 kwa 36 katika muda wa nyongeza, na hakuna timu iliyowahi kupanda kutoka shimo refu kama lile katika historia ya ligi.

Niliirudia mechi ile nikiwa na mpwa wangu, tukisimamisha video kila baada ya mchezo. Kipindi cha pili chote ni maamuzi madogo madogo: ukimbize mpira kuchoma saa au urushe, nafasi ya kusimamisha mchezo uitumie sasa au uiweke, mlinzi aliyechoka umtoe au umvumilie. Hayo huyajui kwa kuwa ulikuwa mchezaji hodari. Unayajua kwa kuwa ulikaa karibu na mtu mwingine akiyaamua mara mia, ukamwona akikosea.

Jina likiwa ndilo mtaji

Deion Sanders ni habari nyingine, na wazazi wengi hukosea wanapomtumia kama mfano. Alicheza NFL kuanzia 1989, akachukua Super Bowl mbili mfululizo na timu mbili tofauti, 49ers na Dallas Cowboys, akacheza na besiboli ya kulipwa humo humo, na mwaka 2011 akaingia ukumbi wa magwiji. Baada ya kufundisha katika sekondari ya Texas walikokuwa wanawe, mwaka 2020 alichukua Jackson State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi huko Mississippi.

Watu humkumbuka kwa miwani na kofia. Mimi namkumbuka vuli ya 2021, alipougua kuganda kwa damu, akakatwa vidole viwili vya mguu, kisha akarudi pembeni ya uwanja akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha umeme, mguu umenyooshwa mbele, akipaza sauti kwa mabeki wake. Yule si mtu aliyekuja kupiga picha. Rekodi yake Jackson State ilikuwa ushindi 27 na kufungwa sita. Desemba 2021 alimvuta Travis Hunter, kijana aliyekuwa akigombaniwa na vyuo vikubwa kuliko wote nchini, akaacha ahadi yake kwa chuo cha Florida State na kwenda Mississippi. Hakuna kocha msaidizi wa video anayeweza kufanya hivyo.

Alipohamia chuo cha Colorado, timu ilikuwa imetoka kushinda mechi moja na kupoteza 11. Alileta wachezaji wapya zaidi ya 80 kwa mpigo, wakashinda nne mwaka 2023, tisa mwaka 2024 huku Hunter akitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Kisha Hunter na Shedeur, mwana wa Sanders, wakaenda NFL, na 2025 ushindi ukashuka hadi mechi tatu.

Nikiweka Sanders na Ryans meza moja, naona vitu viwili tofauti kabisa vinavyoitwa kwa neno moja. Kazi ya kocha wa chuo, nusu yake ni kuingia sebuleni mwa watu, kukaa na mama na bibi wa kijana na kuwashawishi wakukabidhi mtoto wao. Jina kubwa linafungua sebule hizo. NFL hakuna sebule: mchezaji analetwa na drafti au na pesa, na anachotaka kutoka kwako ni kitu kitakachomsaidia Jumapili. Basi kama una jina la Sanders, chuo ni pako. Kama huna, na karibu wote hawana, usimtazame yeye kupanga maisha yako.

Sekondari, kwa anayeitaka yenyewe

Nimeiweka mwisho na nitaisema kwa ufupi, ingawa naiheshimu kuliko zote. Philip Rivers, kotabeki wa miaka mingi wa timu ya Chargers ya NFL, alistaafu akaenda kufundisha St. Michael Catholic, sekondari ya Fairhope, Alabama. Baba yake mwenyewe alikuwa kocha wa sekondari, na kwake hilo lilikuwa ndoto ya tangu utotoni. Desemba 2025, akiwa na miaka 44, Colts walimwita arudi kucheza, akaenda, kisha maisha yake yakaendelea.

Sekondari unalala nyumbani kwako. Unaamua mambo siku ya kwanza. Mtoto wa miaka 15 ambaye hana baba nyumbani anakuja kukusalimia kabla ya darasa. Lakini kwa Texas kazi hiyo kwa kawaida inakuja na darasa la kufundisha, na mara nyingi unahitaji cheti cha ualimu. Na ukiichagua kama daraja la kwenda NFL, Saturday amekwisha kukuonyesha daraja hilo lina urefu gani.

Nilichomwambia kijana

Nilimuuliza kwanza unataka kuwa nani ukiwa na miaka 40. Akasema anataka kuongoza ulinzi wa timu ya chuo kikubwa au ya NFL. Kama angesema anataka kubaki mtaani kwetu na kulea vijana, ningemwambia chukua sekondari kesho asubuhi, na ningesema hivyo kwa moyo mweupe.

Kwa jibu alilolitoa, kocha mwanafunzi ndiyo kazi yake. Hana jina, hana akiba, ana mwaka wa 23, hana mke wala mtoto wa kulisha. Miaka miwili ya kuchora kadi na kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku haitamvunja sasa. Akiwa na miaka 35 na watoto watatu ingemvunja. Na NFL ina mpango wa mafunzo ya kambi uliopewa jina la Bill Walsh, ulioanza 1987, unaowaweka makocha wa jamii za wachache ndani ya timu kipindi cha kiangazi. Akiwa tayari anafundisha chuoni, atakuwa na cha kuonyesha atakapoomba.

Ila sikumwambia akubali tu. Nilimwambia arudi kwa kocha mkuu wa chuo kile na maswali matatu. Makocha wanafunzi waliomtangulia wako wapi leo, mmoja mmoja? Je, ataruhusiwa kukaa kwenye kikao cha mpango wa mechi na kusema, au kazi yake itaishia kuleta kahawa na kupeleka video? Na nani hasa atamfundisha, kwa sababu kocha mkuu hatakuwa na muda? Kama jibu la swali la tatu ni mtu aliyewahi kuongoza ulinzi, na mtu huyo mkataba wake haujaisha, asaini.

Alikwenda Jumanne. Jioni akanipigia simu akiwa bado kwenye maegesho ya chuo. Wawili kati ya waliomtangulia wanafundisha vyuo vingine, mmoja ameacha mpira. Kikaoni atakaa. Na mlezi wake ni kocha wa malainibeka, ambaye kabla hata hawajaagana alikuwa ameshampa video ya mechi nne na karatasi tupu.

"Anataka kadi 40 kufikia Ijumaa, Mjomba," akasema. "Una meza kubwa pale kwako?"